Kompyuta Kongwe Iliyomsemea Sista Generosa

Pale Miyuji ukimuulizia Debora Ndahani, watu watakuuliza, "Debora yupi?" Lakini sema unamtafuta mama fundi, na hata muuza karanga atakunyooshea kidole kuelekea fremu yake yenye mlango wa bluu. Humo ndani kuna redio zilizofunguliwa matumbo, visimbuzi vya televisheni, betri za sola, na feni zinazongoja mapanga mapya. Mwenyewe ni mwanamke mcheshi, amevuka hamsini, na miwani yake huipandisha kwenye paji la uso kila anaposhika pasi ya kulehemu, kwa sababu vya karibu anaviona vizuri zaidi bila miwani.

Hakuzaliwa penye umeme. Baba yake alikuwa mfugaji upande wa Hombolo, na kitu pekee cha kuwaka nyumbani kwao, ukiacha moto, kilikuwa tochi. Alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa kuendelea, akaenda Makutupora kufanya kibarua cha kupalilia zabibu. Shamba lilipakana na nyumba ya masista waliokuwa na chuo kidogo cha wasichana. Walifundisha ushonaji, mapishi na kupiga chapa. Mchana, wenzake walipojilaza kivulini, Debora alikuwa akienda kusimama kwenye dirisha la darasa la kupiga chapa.

Alikuwa haangalii mashine za chapa. Kwenye meza ya pembeni, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi, kulikuwa na kompyuta. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, kibodi na kiwiliwili chake kitu kimoja, nayo imeunganishwa na televisheni ndogo yenye mgongo mrefu. Wafadhili fulani waliileta, wakaondoka, ikabaki na Sista Generosa. Sista huyo alikuwa Mgogo wa hapohapo, mrefu, mwenye sauti ambayo ikitokea barazani vibarua wa mwisho wa shamba wanainua vichwa.

"Wewe wa dirishani!" alimwita siku moja. "Utaota mizizi hapo. Ingia."

Debora akaingia na udongo wake miguuni. Sista akaondoa kitambaa, akawasha, kompyuta ikalia piii, na kioo kikapata uhai.

"Andika jina lako."

Debora akaitafuta D kwa macho, akaibonyeza. Herufi ya kijani ikachomoza kwenye kioo, ikakaa. Akaongeza nyingine, na nyingine. Alipomaliza, jina lake lilikuwa linawaka. Alilitazama, kisha akaondoka polepole kwenye kiti, akaizunguka meza, akachungulia nyuma ya televisheni.

"Unamtafuta nani huko?" Sista akauliza.

"Anayeandika."

Sista Generosa alicheka mpaka akashika meza. Halafu akanyamaza, maana aliona msichana hatanii. "Ni wewe, mwanangu," alimwambia. "Huko nyuma hakuna mtu."

Basi ndivyo Debora alivyoacha jembe. Sista alimfundisha kuandika kwa vidole vyote bila kuangalia, lakini mwanafunzi alikuwa anaota yaliyomo ndani ya boksi kuliko yanayotokea kiooni. Mwingine angemgombeza. Sista alimpa bisibisi, akamwombea nafasi chuo cha ufundi, na Debora akatoka huko na cheti cha umeme na redio, msichana pekee katika darasa lake. Miaka ikapita. Aliolewa, akazaa, akafungua fremu. Kila Krismasi alipeleka keki kwa masista, na kila mara Sista alimuuliza mbele ya wageni wote, "Umeshampata yule anayeandika?"

Mwaka juzi, mvua za kwanza zilipoanza, Sista Generosa alipigwa na kiharusi. Alikuwa ameshastaafu, anaishi kwenye nyumba ya masista wazee, Miyuji, mwendo mfupi kutoka kwenye fremu. Debora alifunga mlango akaenda mbio.

"Shikamoo, Sista."

Sista akafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa pumzi tu, kama upepo kwenye bomba bovu. Ulimi ulikuwa umelala, koo limelala, na mkono wa kulia ulikuwa mzito. Daktari alisema akili ni nzima kabisa. Ila mdogo wake wa tumbo moja, Hilda, aliyekuwa ameketi chini kando ya kitanda, alimnong'oneza Debora, "Madaktari husema hivyo. Mimi naongea naye toka asubuhi, haonyeshi hata dalili. Dada yangu ameshaondoka, mwanangu. Limebaki umbo."

Hilda alikuwa mkulima wa zabibu kulekule Makutupora. Hakuwahi kwenda shule. Nyumbani kwao palihitajika mtoto mmoja wa kuchunga, na mkubwa ndiye aliyepelekwa misheni. Alijua kuhesabu, alijua kupogoa mizabibu kuliko wengi, lakini kusoma hapana.

Debora alijaribu vitu. Alimpa Sista kalamu, mkono ukachora mistari ya kutetemeka isiyosomeka. Alimpa simu ya kugusa kioo, herufi zikamwagika kama mchele uliopasuka mfuko. Alileta kompyuta mpakato ya mwanawe, lakini vitufe vyake vilikuwa bapa na vyepesi mno; vidole vikivilalia tu, maandishi yanakimbia. Sista aliisukuma pembeni, akageukia ukutani.

Debora akaketi. Akawa anaangalia blanketi. Na pale juu ya blanketi, mkono wa kushoto wa Sista ulikuwa unacheza. Kwanza alidhani ni ule mtetemeko wa ugonjwa. Kisha akaona kidole cha kati kinagonga, kinapanda juu kidogo, kinagonga tena. Kidole cha shahada kikashuka. Halafu kikatulia, kama kinachosubiri mwenzake wa kulia, na mkono wa kulia ukajivuta kidogo, ukashindwa. Shahada ikapanda. Kidole cha mwisho kikagonga.

Mtu mwingine asingeelewa. Lakini Debora alifundishwa na mikono hiyohiyo, na alijua kila herufi inakaa wapi hata gizani. D. E. B. Nafasi ya herufi moja inayokosekana. R. A.

"Sista," alisema kwa sauti ndogo, "umeandika jina langu."

Sista akafumba macho, machozi yakamtoka pembeni.

Kesho yake Debora alikwenda Makutupora kuomba kile chombo cha zamani, kompyuta ya rangi ya maziwa. Chuo kilishafungwa. Alikikuta stoo, nyuma ya vyerehani vibovu, manyigu wamejenga nyumba za udongo kwenye matundu yake. Lakini alipoweka vidole vyake juu ya vitufe, alielewa kwa nini roho ilimtuma huko. Vilikuwa virefu, vizito, vyenye kishimo katikati. Mkono unaotetemeka ungeweza kuvilalia bila kuvibonyeza, na ukitaka herufi ni lazima uitake kwelikweli.

Alibomoa nyumba za manyigu kwa mswaki. Alitoa kapasita zilizovimba, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, kwenye sehemu ya umeme kabla ya kuchomeka chochote, kwa sababu kapasita za umri ule zikipata moto hutoa moshi wa kufukuza mtaa mzima. Akalehemu mpya. Alipowasha, kompyuta ililia piii, sauti ileile aliyoisikia akiwa na udongo miguuni, na maandishi yakajipanga kwenye televisheni aliyoazima. Debora alisimama katikati ya fremu yake mikono kichwani. Vifaa vingapi vilivyotengenezwa juzi tu vimemfia mikononi! Na hiki, kilichozikwa vumbini nusu ya maisha yake, kimeitika kilipoitwa.

Wakampelekea Sista kiti na meza barazani. Debora akamwekea mkono wa kushoto mahali pake, akauinua na wa kulia, akauweka. Vidole vya kushoto vikatafuta, vikavuka hadi upande wa mwenzake, vikapata. Polepole, herufi baada ya herufi, ikatokea: ASANTE. NINA KIU.

Nyumba nzima ilishangilia. Mmoja alikimbilia maji, mwingine alipiga vigelegele. Hilda peke yake alibaki amesimama mbele ya kioo, anageuza shingo huku na huku.

"Dada anasema nini?"

Sista Gladness, mtawa kijana aliyekuwa akimhudumia mgonjwa, alimsomea. Siku zilizofuata ikawa hivyohivyo: Sista Generosa anaandika, Gladness anasoma, Hilda anasikiliza ameinamisha kichwa. Hadi siku moja Hilda aliposimama, akafunga vizuri kanga yake, na kusema bila hasira, "Dada yangu anaongea na mimi kwa mdomo wa mtoto wa watu. Yapo mambo ya kwetu, ya mama yetu, siwezi kuyasikia hivi." Akaondoka.

Sista Generosa alitoa mikono kwenye kibodi. Siku hiyo hakuandika tena, na iliyofuata pia.

Debora aliibeba ile kompyuta hadi fremuni, akaigeuza juu chini, kama mtu anayemtafuta kupe kwenye ng'ombe. Chini ya tumbo lake kulikuwa na safu ya pini, mlango wa upanuzi ambao hata siku za chuo haukuwahi kuchomekwa kitu. Akapiga simu kwa Mwalimu Erick.

Erick alifundisha kompyuta chuo kikuu na alikuwa mteja wake. Mara nyingi walibishana kuhusu saketi huku chai ikipoa. Alikuja na mkoba, akaitazama mashine, akavua kofia.

"Mama Debora, hii imezaliwa kabla yangu! Unajua kumbukumbu yake yote haitoshi kuhifadhi picha moja ya simu yako?"

"Najua, Mwalimu. Sitaki ihifadhi picha. Nataka iseme."

Erick akacheka polepole, cheko la mtu aliyeona kitu kwa mbali. Akatoa mkobani kibao cha kielektroniki kisichozidi upana wa vidole viwili, chenye kadi ndogo ya kumbukumbu ubavuni. "Hiki kina nguvu mara maelfu kuliko hicho kizee," alisema. "Kizee kitume herufi, hiki kizipokee, kitafute sauti yake, kiitoe kwenye spika. Kiswahili kinasemwa kama kinavyoandikwa. Hatuhitaji kamusi. Tunahitaji silabi tu."

Walianza. Erick aliandika maelekezo, Debora akashika waya na lehemu. Kibao cha kwanza kiliungua siku ileile. Mashine kongwe husukuma umeme wa volti tano, na kile kipya hakivumilii hata nne. Kilipasha joto, kikanuka, kikafa. Debora alikasirika, si kwa hasara, bali kwa kuwa alijua na aliharakisha. Akaweka vipande vya kupunguza nguvu katikati, kama mkalimani kati ya watu wanaopigiana kelele. Kibao cha pili hakikuungua, lakini nacho kilikuwa na haraka mno: kizee hakijamaliza kutamka herufi, kijana ameshachoka kusubiri na kufunga mlango. Ikabidi Erick akifundishe kungoja.

Jioni moja mambo yakakubali. Debora alibonyeza A kwenye kompyuta kongwe, na kile kibao kikaitambua, taa yake ikapepesa.

"Ninachofikiria," Erick alisema, "ni wale walioitengeneza. Siku hizo kitu kama hiki kilikuwa hakijatokea hata kwenye ndoto. Lakini waliacha mlango wazi kwa mgeni wasiyemjua."

Debora alikuwa anaitazama ile taa ndogo, na alihisi kama mtu aliyesimama kanisani peke yake siku isiyo ya misa.

Ilibaki sauti. Erick alikuwa na sauti za kununuliwa, lakini zilikuwa na lafudhi ya kusikitisha. Debora alitaka kutumia yake mwenyewe. Kisha Hilda akampigia kuuliza hali ya dada yake, na Debora alipoipokea simu alishtuka, maana kwa nukta moja alidhani ni Sista Generosa wa zamani, mzima, anamwita kutoka barazani. Ndugu wa tumbo moja. Alikuwa ameisikia sauti hiyo miaka yote na hakuwahi kuiwazia.

"Mama Hilda," alisema, "njoo Miyuji. Nataka unikopeshe koo lako."

Hilda alikuja na kikapu cha zabibu, akaketishwa fremuni. Mlango ulifungwa, mablanketi yakatundikwa ukutani kuzuia mwangwi, na kila bodaboda ilipopita walisubiri. Debora alitamka, Hilda akaitikia. Ba. Be. Bi. Bo. Bu. Kisha cha, che. Mba, mbe. Nya, ng'a, kwa. Hilda alizisema kwa adabu kama mtoto wa darasa la kwanza, darasa ambalo hakulikanyaga. Walipochoka, walikula zabibu, wakaendelea.

"Zimebaki nyingi?" Hilda aliuliza mwishowe.

"Zimekwisha, Mama."

"Zimekwisha?" Hilda alikunja uso. "Hizo tu? Kila kitu nilichowahi kusema tangu nizaliwe kimetoka kwenye hivyo vipande?"

"Ndiyo. Na vya watu wengine wote wanaosema Kiswahili."

Hilda aliangalia mikono yake mitupu, kana kwamba amewekewa kitu humo. "Mungu ni fundi," alisema.

Siku ya kujaribu ilikuwa Jumapili baada ya misa, zabibu za msimu wa kiangazi zikiwa zinavunwa. Barazani walikuwapo Sista Gladness, Mwalimu Erick, masista wazee kwenye viti vyao, na Hilda katika kitenge cha kanisani. Debora alichomeka kibao chini ya tumbo la kompyuta, akakaza skrubu, akawasha. Piii. Akavipanga vidole vya Sista mahali pake.

Sista Generosa aliandika kwa muda mrefu. Kisha akabonyeza kitufe kikubwa cha kulia, kilichopangwa kutoa sauti.

"Mbu-kwa, Hi-li-da."

Salamu ya Kigogo. Sauti ilikuwa ikirukaruka, kama mtu anayevuka korongo kwa kukanyaga mawe, lakini ilikuwa sauti ya mwanamke wa nyumba yao. Na kwa kuwa kibao hakikuwa na L isiyo na irabu, kilisema "Hilida", sawasawa na marehemu mama yao alivyomwita.

Hilda alirudi nyuma hatua, akagonga nguzo. "Mbukwenyi, Dada," aliitika kwa mazoea, mdomo ukitangulia akili. "Mbukwenyi." Kisha akakaa sakafuni.

Vidole vikaanza tena. "Za-bi-bu zi-me-i-va?"

"Jamani!" Hilda alilia na kucheka kwa pamoja. "Mtu kanyamaza tangu mvua za kwanza, akirudi anauliza zabibu! Zimeiva, Dada. Zimeiva, ndege wanazimaliza, kwa sababu mimi niko huku kwako."

Watu wakacheka. Lakini Sista hakuwa amemaliza. Aliandika, akafuta, akaandika tena, jasho likimtoka kwenye nywele nyeupe. Hapo watu waliacha kucheka.

"Ni-li-ku-si-ki-a. Si-ku zo-te. U-li-po-si-mu-li-a ku-hu-su ma-ma. U-li-po-se-ma ni-me-o-ndo-ka. Ni-li-ku-we-po."

Hilda alitambaa hadi kwenye kiti, akaweka kichwa mapajani mwa dada yake, na mkono ule mzito wa kulia ukajivuta, safari hii ukafika, ukatua kisogoni pake. Sista Gladness alikuwa wa kwanza kuinuka, kisha mmoja baada ya mwingine wakaondoka barazani kwa kunyata. Debora naye alipofika kona aligeuka. Aliona mgongo wa ile kompyuta ya rangi ya maziwa, waya zake, taa ndogo ya kijani ikipepesa chini, na ndugu wawili wanaongea kwa sauti moja. Erick alikuwa amejifuta uso kwa kofia yake.

"Mwalimu," Debora alimwambia, "mimi nimefungua mashine maisha yangu yote. Hii sijaielewa."

"Kila waya umeuunga wewe."

"Ndiyo. Ndiyo maana nakwambia."

Tangu hapo Sista Generosa amerudi kuwa msumbufu. Anaagiza chumvi ipunguzwe, anasahihisha Kiswahili cha wageni, na amemtaka Debora aongeze ukubwa wa sauti, kwa madai kwamba spika hiyo inamfanya aonekane mpole. Mkono wa kulia unazidi kupata nguvu kidogokidogo. Masista wazee wamemwomba aongoze rozari ya jioni, naye huandika sala mapema, kipande kwa kipande, ili muda ukifika abonyeze tu na wenzake waitikie.

Wiki iliyopita Debora alimsindikiza Hilda kumpelekea dada yake mtama na mboga. Walipokaribia geti, sala ilikuwa imeanza. Sauti ya Hilda ilikuwa inatoka barazani, inaongoza, na sauti za masista wote zinaitikia nyuma yake. Hilda akasimama njiani na kikapu kichwani. Alijisikiliza mwenyewe akisali kwa maneno marefu ya kitabuni ambayo hakuwahi kuyasoma.

"Tuingie, Mama," Debora alisema.

"Ngoja," Hilda akanong'ona, akashusha kikapu na kuvua viatu. "Ngoja nimalize kusali."